Mito tele nyumbani, lakini bahari huwakuta hawajui kuogelea

KILA shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, miongoni mwa wasafiri wanaofululiza kuelekea Mombasa huwamo familia, walimu, vikundi vya akina mama na vijana wa makanisa kutoka Kisii na Nyamira. Safari yenyewe ni ya takriban kilomita 800, na kwa wengi wao kituo cha kwanza baada ya kunawa vumbi la njiani ni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, eneo la Bamburi, ambao umma umezoea kuuita Pirates.

Huko mgeni hupokewa na mambo mengi kwa mpigo. Kuna ngamia wa kupanda, wapiga picha, wachuuzi wa mihogo, na vijana wanaokodisha mipira ya magurudumu ya magari iliyojazwa upepo. Mgeni hulipa pesa kidogo, akajipenyeza katikati ya mpira na kuanza kuelea huku akicheka na wenzake. Hajui kuogelea, lakini mpira humfanya ajione anajua. Haoni kwamba maji yaliyokuwa yakimfika kiunoni sasa yanamfika kifuani, wala kwamba mti aliouacha mkabala naye ufuoni umesogea kushoto. Mti haukusogea. Aliyesogea ni yeye.

Tofauti kati ya siku njema baharini na msiba wa kusafirisha maiti hadi Gusii huwa ni mambo machache ambayo mtu angeweza kujifunza kabla ya kupanda basi. La kushangaza ni kwamba wanaoyakosa mambo hayo hawatoki jangwani. Wanatoka katika mojawapo ya maeneo yenye maji mengi zaidi nchini Kenya.

Nyanda za juu za Gusii hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na ni nadra kupita mwezi mzima bila kunyesha. Kila bonde lina kijito chake. Mto Gucha, ambao upande wa chini huitwa Kuja, huanzia katika vilima vya Nyamira vilivyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukapita Kisii na kuingia Migori kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kaskazini, Mto Sondu nao huelekea ziwa hilo hilo. Ndani ya mji wa Kisii kwenyewe hupita kijito cha Nyakomisaro, na huko Nyamira upo Mto Charachani. Mtoto wa Gusii hukua akiteka maji, akifua nguo na kunywesha ng'ombe mtoni.

Mbona basi wengi wao hawajui kuogelea?

Sababu ya kwanza ni mito yenyewe. Ziwa Victoria liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,134. Hii ina maana kwamba Gucha hushuka karibu kilomita nzima kwa wima kabla ya kufika ziwani, na mto unaoshuka hivyo hauwezi kuwa mpole. Maji yake ni baridi, yana kasi, na msimu wa mvua hugeuka rangi ya chai ya maziwa kwa udongo unaochukuliwa kutoka mashambani. Katika maji ya rangi hiyo jicho haliwezi kupima kina. Mahali palipokuwa na kivuko cha kukanyaga mawe asubuhi huweza kuwa na maji ya kumfunika mtu mzima jioni, kwa sababu mvua imenyesha huko juu ilhali hapo chini jua linawaka. Mzazi anayejua hayo humwambia mwanawe neno moja tu kuhusu mto: usiingie. Ni onyo la haki, ila halimfundishi mtoto afanye nini siku atakapoteleza.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Katika enzi ya ukoloni, vidimbwi vya kuogelea nchini vilikuwa katika klabu na shule za Wazungu, na baada ya uhuru vingi vikabakia katika klabu, hoteli na shule za wenye uwezo. Kidimbwi cha kiwango cha Olimpiki kilipojengwa kwa matumizi ya umma, kilijengwa Kasarani, Nairobi, katika uwanja ulioandaliwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Magharibi mwa nchi hakukuwa na mfano wake. Hadi leo, mkazi wa Kisii au Nyamira anayetaka kuogelea mahali salama hana budi kulipa kiingilio hotelini, na pesa hizo kwa familia ya watoto watano ni bei ya unga wa siku kadhaa.

Tatu ni ardhi. Katika sensa ya 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kisii ni miongoni mwa kaunti za mashambani zenye msongamano mkubwa zaidi wa watu nchini. Penye migomba, majani chai na mahindi yanayopanda hadi ukingoni mwa barabara, kutenga ekari moja kwa ajili ya maji ya kuchezea huonekana ni anasa. Michezo iliyositawi huko ni ile isiyodai mengi. Naftali Temu wa Nyamira, aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 mjini Mexico mnamo 1968, hakuhitaji zaidi ya barabara ya udongo na mapafu yake. Vivyo hivyo Charles Asati na Robert Ouko, waliokuwa katika kikosi kilichotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne mjini Munich mnamo 1972. Mwogeleaji hawezi kuanza hivyo. Jason Dunford, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kufika fainali ya kuogelea ya Olimpiki, mjini Beijing mnamo 2008, na kushinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi 2010, alilelewa Nairobi ambako vidimbwi vipo.

Lakini suala hili si la medali. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake iliyotolewa Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji kote duniani mnamo 2021. Robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Tangu mwaka wa 2000 kiwango cha vifo hivyo kilikuwa kimepungua kwa asilimia 38 duniani, na barani Ulaya kwa asilimia 68. Katika kanda ya Afrika kilipungua kwa asilimia 3 pekee. Kwa maneno mengine, wengine wamejifunza jinsi ya kuzuia vifo hivi, nasi tungali pale pale.

Aidha, wengi wanaozama hawazami baharini. Huzama karibu na kwao, katika maji ambayo hakuna aliyeyahesabu kuwa hatari. Huko Gusii maji hayo mara nyingi hayakuchimbwa na Mungu. Ni mashimo ya kufyatulia matofali yaliyoachwa wazi mabondeni, mashimo ya murram yaliyobaki baada ya barabara kukamilika, mashimo ya mchanga kando ya mito, na machimbo ya mawe laini ya Tabaka. Mawe hayo huchongwa vinyago, bakuli na vikombe, kisha vikasafirishwa hadi fuo za Mombasa kuuziwa watalii. Kinachobaki nyuma mahali jiwe lilipotolewa ni shimo lenye kingo za wima, na mvua ya Gusii haikawii kulijaza.

Shimo la aina hii ni baya kuliko mto kwa sababu moja: halina mteremko. Mtoto anayeingia mtoni huenda hatua kwa hatua na huweza kurudi. Anayeingia shimoni hukanyaga udongo wa mfinyanzi unaoteleza, hatua ya pili ikawa haina chini. Hata akifanikiwa kurudi ukingoni hapati pa kushika. Uzio wa miti na mlango wa kufunga ungetosha, na gharama yake ni siku mbili za kazi ya watu wawili. Sheria ya Madini ya 2016 inawataka wenye vibali kuirejesha ardhi waliyoichimba katika hali inayofaa, lakini wengi wanaochimba matofali na mchanga kwa jembe na sepetu hata hawajioni kuwa ni wachimba migodi.

Kuna pia mabwawa ya samaki. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza 2009 ulilenga kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, na Kisii ikawa miongoni mwa sehemu zilizopokea ufugaji huo kwa shauku. Bwawa la kawaida lina kina cha takriban mita moja, na mtu mzima hulidharau. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mtoto wa miaka mitatu, mita moja ni zaidi ya kimo chake.

Msafiri anayefika Mombasa, basi, huwa amebeba mazoea ya maji ya aina moja: maji yanayokwenda upande mmoja tu, kutoka mlimani kwenda bondeni. Bahari haiendi hivyo.

Jambo la kwanza linalomchanganya ni kuelea. Lita moja ya maji ya mto ina uzani wa kilo moja hivi. Lita ya maji ya bahari huzidi hapo kwa takriban gramu 25 kwa sababu ya chumvi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini mwili wa binadamu, mapafu yakiwa yamejaa hewa, huwa karibu sana na mpaka wa kuelea na kuzama. Chumvi humnyanyua. Ndiyo maana mtu aliyeshindwa kuelea kidimbwini Kisii huweza kujilaza chali Bamburi na kujiona amefuzu. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa: kijana aliyejifunza kuelea wiki moja baharini hurudi nyumbani, akaruka Gucha mbele ya marafiki, na maji baridi yasiyo na chumvi yakamvuta chini kuliko alivyotarajia.

La pili ni kupwa na kujaa. Huko Mombasa, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yakijaa na yakipwa huweza kukaribia mita 4. Huo ni urefu wa nyumba ya chini pamoja na paa. Wakati wa maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hupungua sana. Kutoka kupwa hadi kujaa huchukua zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mgeni aliyeoga saa nne asubuhi siku ya Jumatatu, akayakuta maji ya magotini, hawezi kurudi Ijumaa saa nne akidhani atayakuta yale yale. Saa ya mkononi haimfai kitu. Anachohitaji ni jedwali la maji ambalo Halmashauri ya Bandari huchapisha kwa bandari ya Kilindini, au kumuuliza mvuvi yeyote aliyeketi kivulini.

Ufuo wa Bamburi umekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na nchi kavu. Maji yakipwa, watu hutembea juu ya mchanga na majani ya bahari hadi karibu na mwamba huo, wakiokota kombe na kutazama samaki wadogo walionaswa katika vidimbwi vya mawe. Ni mojawapo ya starehe nzuri za pwani na haina gharama. Tatizo ni kwamba maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huanza kwa kujaza mifereji iliyo nyuma ya mtembeaji, kati yake na ufuo, yeye akiwa bado amesimama pakavu. Anapogeuka hukuta mto mahali alipopita kwa miguu. Na maji hayajai kwa mwendo mmoja. Katika saa ya tatu na ya nne huenda kasi zaidi. Wenyeji hugeuka kurudi maji yakiwa bado yanapwa. Mgeni husubiri ayaone yakija.

Yakitoka nayo huwa na njia zake. Maji yote yaliyojaa ndani ya mwamba lazima yapite kwenye milango, yaani mapengo ya mwamba, na hapo mkondo huwa na nguvu. Aliye ndani ya mpira wa gurudumu huvutwa taratibu kuelekea huko bila kuhisi chochote, kwa kuwa yeye na maji wanakwenda pamoja. Akigundua, kosa la kawaida ni kuruka kutoka ndani ya mpira ili aogelee kurudi, ilhali kuogelea hakujui. Mpira, kwa udhaifu wake wote, ndicho kitu pekee kinachomweka juu. Anapaswa kuung'ang'ania, kuinua mkono mmoja na kupunga. Naye ajuaye kuogelea hashindani na mkondo uso kwa uso. Huuacha umpeleke huku akijitoa kwa upande, sambamba na ufuo, hadi nguvu zake zipungue.

Tatu ni upepo, na hapa kalenda ya shule haiwapendelei watu wa bara. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari huwa tulivu kiasi na maji huwa maangavu. Kusi huanza Aprili pamoja na mvua ya masika na kuendelea hadi Septemba, ikileta mawimbi, mikondo na majani mengi ufuoni. Likizo mbili kati ya tatu, ile ya Aprili na ile ya Agosti, huangukia kusi. Anayetaka kutazama samaki kwa kioo cha mbizi na mrija wa kupumulia atapata faida kubwa zaidi Desemba. Agosti ni msimu wa wapenda matanga, hasa wale wanaosimama juu ya ubao na kuvutwa na tiara kubwa, mchezo ulioipa Diani umaarufu. Huo si mchezo wa kujaribu kwa siku moja.

Mwenye kujali usalama wake hakosi la kufanya. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mnamo 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), hufikiwa kwa mashua zenye kioo sakafuni, na mtu huweza kuyaona matumbawe bila kulowa hata ukosi. Vipo vihori vya kupiga kafi, mashua za ndizi zinazokokotwa na boti, na pikipiki za majini. Katika vyote hivi, swali la kwanza la mteja lisiwe bei bali jaketi la kuokolea maisha: lipo, linatosha, na kamba zake zinafungika? Jaketi la mtu mzima juu ya mtoto humtoka kichwani anapotumbukia. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti si jaketi. Nahodha anayecheka mteja akiuliza hayo anafaa kuachwa na mashua yake, hata kama wenzako wameshapanda.

Pikipiki za majini zina ubaya mwingine, nao ni kwamba humdhuru asiyezipanda. Mwogaji ambaye kichwa chake ni nukta tu juu ya maji haonekani na dereva aendaye kwa kasi. Penye vyombo hivyo, watoto waondolewe.

Hata hivyo, hakuna kifaa kinachoshinda ujuzi, na jambo moja watu wengi hawalijui ni jinsi mtu anavyozama. Filamu zimewafundisha kwamba mzamaji hupiga mayowe na kurusha mikono. Ukweli ni kwamba mtu anayezama hukaa kimya, kwa kuwa pumzi ya kupigia kelele hana. Anayoipata yote huitumia kubaki hai. Kichwa hurudi nyuma, mdomo ukawa sawa na uso wa maji, mikono ikakandamiza maji kwa pembeni kana kwamba anapanda ngazi isiyokuwapo. Hali hiyo huweza kuchukua chini ya dakika moja. Mzazi aliyeketi hatua kumi kutoka hapo, akizungumza kwa simu, huweza kuona kila kitu asitambue kwamba mwanawe anakufa.

Anayetambua naye huwa na kishawishi cha kuruka majini, na hivyo ndivyo msiba wa mmoja unavyokuwa msiba wa wawili au watatu. Mzamaji humkumbatia mwokoaji na kumpanda kichwani. Si kwa ubaya, ni mwili unaotafuta hewa. Asiye na mafunzo asiingie. Anyooshe fito, shuka au tawi akiwa amelala kifudifudi ukingoni. Pakiwa mbali, arushe kitu kinachoelea. Huko Gusii hakuna boma lisilo na mtungi wa plastiki wa lita 20. Mtungi huo ukiwa mtupu, kifuniko kimekazwa na kamba imefungwa kwenye mkono wake, huweza kumbeba mtu mzima. Kuuweka mmoja kando ya kila bwawa la samaki na kila kivuko ni kazi ya dakika kumi.

Akishatolewa, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo ili maji yatoke, desturi ambayo bado ipo sehemu nyingi. Hupoteza muda na huweza kurudisha matapishi mapafuni. Ikiwa hapumui, anachokosa ni hewa. Kwa hivyo hupuliziwa pumzi kadhaa mdomoni, pua ikiwa imebanwa, kisha kifua kikandamizwe kwa nguvu katikati mara 30, pumzi mbili, tena mara 30, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kuomba chai, apelekwe hospitalini, kwani mapafu yaliyoingia maji huweza kumgeuka saa chache baadaye.

Je, kuogelea kwaweza kufundishwa mahali pasipo bahari wala kidimbwi cha kigae? Bangladesh imejibu. Nchi hiyo ina mabwawa kila kijiji na ilikuwa ikipoteza maelfu ya watoto kila mwaka. Mradi uitwao SwimSafe uliweka majukwaa ya mianzi ndani ya mabwawa ya kawaida, ukawafunza vijana wa kijijini kuwa walimu, nao wakawafunza watoto wenye umri wa kati ya miaka minne na 12. Shabaha haikuwa mashindano: mtoto aweze kuogelea mita 25, aelee kwa sekunde 30, na ajue kumwokoa mwenzake bila kuingia majini. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba waliohitimu walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa maji kwa zaidi ya asilimia 90 wakilinganishwa na wasiofunzwa. Wadogo zaidi, ambao hawawezi kufunzwa, waliwekwa katika vituo vya malezi saa za asubuhi mama zao wanapokuwa kazini, na vifo vikapungua sana huko pia.

Karibu zaidi na kwetu, huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafunza wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwastiri mwili mzima. Picha zilizopigwa huko mnamo 2016 zilionyesha wanafunzi wakielea baharini wakiwa wamekumbatia madumu matupu ya plastiki. Funzo hapo ni mawili. Kwanza, hata waliozaliwa hatua chache kutoka baharini huweza wasijue kuogelea iwapo desturi haikuwapa nafasi. Pili, kifaa cha kufundishia kilikuwa dumu.

Hatua zenyewe hazina siri. Mwanafunzi huanza kwa kutoa pumzi ndani ya maji, uso ukiwa umezama, hadi hofu imtoke. Akishaizoea, hujifunza kujilaza chali na kuelea, masikio yakiwa majini, jambo ambalo watu wazima huliona gumu kuliko watoto kwa sababu hawapendi kulegea. Kisha hujigeuza kutoka kifudifudi hadi chali, hukanyaga maji wima, na mwisho kabisa ndipo hupiga mikono. Mtu mzima mwenye bidii huweza kufika kwenye kuelea katika wiki mbili au tatu za mazoezi katika maji ya kifuani yenye mtu wa kumtazama. Bwawa lenye samaki halifai kwa kazi hiyo, kwani hurutubishwa kwa samadi. Lile la mafunzo lichimbwe peke yake na maji yake yabadilishwe. Mto wenye kasi haufai kabisa. Ziwa Victoria, lililo umbali wa saa moja au mbili kwa gari, lina kichocho na sehemu nyingine mamba na viboko.

Ziwa hilo hilo limewahi kutoa ushahidi mzito. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Tanzania, na zaidi ya watu 200 wakafa, nchi kavu ikiwa inaonekana kwa macho.

Nchini Kenya, miundo ya kwanza ya mtaala wa umilisi iliyoanza kutekelezwa kote 2019 ilikuwa na kuogelea miongoni mwa mafunzo ya viungo kuanzia gredi za chini. Mwalimu katika shule ya mashambani aliyekuwa akifika ukurasa huo hakuwa na la kufanya ila kuchora ubaoni au kuuruka. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti viwanja vya michezo na burudani ya umma, pamoja na elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kidimbwi cha mafunzo na kituo cha malezi, vile vitu viwili vilivyopunguza vifo Bangladesh, viko chini ya ofisi za kaunti zilizo mjini Kisii na Nyamira, na mkazi anayetaka kuviulizia anaweza kufanya hivyo katika vikao vya umma vya kujadili bajeti, ambavyo sheria inazilazimu kaunti kuviandaa kila mwaka.